Maji ya nchi kavu: tuuze zamu, tuuze kisima au tuuze haki? Ulinganisho kwa kamati za maji za Karamoja

Kisima cha pampu ya mkono kinapogeuzwa kuwa mtambo wa sola wenye tangi, vioski na mabirika ya kunyweshea mifugo, michango ya dharura ya kununulia vipuri haitoshi tena. Swali la nani alipe, alipe kwa kipimo gani na fedha zikae mikononi mwa nani hufika mbele ya kamati kabla hata saruji ya kioski haijakauka. Katika magombolola ya Moroto, Napak na Kotido, kaskazini mashariki mwa Uganda, majibu yanayosikika ni manne: tuukabidhi mtambo kwa Umbrella ya Karamoja, yaani shirika la umma linaloendesha maji ya miji midogo, tumpe mtu binafsi kwa mkataba, kamati iendeshe yenyewe, au maji yasitozwe chochote kwa kuwa ni ya Mungu.

Makala haya yanaweka bega kwa bega njia ambazo watu wa nchi kavu nyingine walizitumia kuyageuza maji kuwa bidhaa, baadhi yao kwa karne nyingi, ili anayenyoosha mkono kikaoni ajue anaunga mkono nini. Msimamo wangu nautaja mapema. Bei yenyewe haikuwaumiza wengi. Kilichowaumiza ni kuuza bila kuuliza kinachouzwa ni nini hasa. Wako waliouza zamu ya kumwagilia, wako waliouza shimo lenye maji, wako waliouza haki ya kuteka milele, na wako waliotoza gharama ya kuyainua maji kutoka ardhini bila kuuza kingine. Siku ya kulipa mambo haya manne yanafanana sana, lakini kiangazi kikikaza kila moja linashika njia yake.

Sheria ya Uganda imekwisha kufunga mlango mmoja. Katiba ya 1995 inaiweka mito, maziwa na ardhi oevu chini ya serikali kama mdhamini wa wananchi, na Sheria ya Maji inaipa serikali mamlaka juu ya maji ya juu na ya chini ya ardhi. Sheria hiyohiyo inamwachia mkazi matumizi ya nyumbani, na katika matumizi hayo inahesabu pia bustani ya kujikimu na mifugo isiyozidi vizio 30, yaani kipimo cha kisheria cha kuhesabu wanyama kwa ukubwa. Hesabu hiyo ya mifugo ikumbukwe, kwa sababu tutairudia. Kwa ufupi, hakuna kamati, ukoo wala mwekezaji anayeweza kuandikiwa umiliki wa maji yenyewe. Hata hivyo, kama Botswana itakavyotuonyesha, mtu anaweza kuyatawala maji asiyoyamiliki.

Oman: kunywa ni bure, zamu ndiyo iliyo sokoni

Mfumo wa Oman ni mkongwe, na kwa maoni yangu ndio uliofikiriwa vizuri kuliko yote ninayoilinganisha hapa. Aflaj (umoja wake falaj) ni mifereji inayoyapokea maji ya chini ya ardhi au ya chemchemi kwenye miinuko na kuyateremsha kwa mteremko tu, bila pampu, hadi kwenye mitende ya kijiji. Takriban 3,000 bado inatiririka, na mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa na Falaj Al-Khatmeen wa Birkat al-Mawz, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Kinachouzwa huko ni muda. Maji hugawanywa kwa zamu zinazozunguka, na kipimo kinachojulikana zaidi ni athar, yaani takriban nusu saa ya mtiririko. Kwa desturi mchana zamu zilisomwa kwa kivuli: nguzo ilisimikwa kwenye uwanja wa wazi, alama zikapangwa ardhini, na wenye zamu wakaketi kando wakikitazama kivuli kinavyosogea kutoka alama moja hadi nyingine, ili kikifika kwenye alama yake mtu ainuke akafungue mlango wa mfereji wake. Usiku walihesabu kwa nyota. Athar inaweza kurithiwa, kukodishwa au kuuzwa bila kuuza shamba. Zaidi ya hapo, baadhi ya zamu ni mali ya falaj wenyewe. Hizo hukodishwa kwa mnada, na fedha zinazopatikana hulipia usafishaji na ukarabati chini ya wakili, yaani msimamizi wa mfereji aliyechaguliwa na wenye hisa.

Mtu akiishia hapo atasema kwamba Waomani wanayanadi maji kama mbuzi. Lakini na atazame jinsi mfereji unavyoingia kijijini. Mahali pa kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa, na hapo hakuna zamu wala bei, awe mwenyeji au mpita njia. Baada ya hapo maji hupita msikitini na penye kuogea, na ni mbele zaidi tu ndipo yanapogawanywa kwenda mashambani, ambako athar inaanza kuwa na thamani ya fedha. Soko limewekwa mwishoni mwa mfereji, na anayetaka kulihamishia mwanzoni angelazimika kuubomoa mfereji mbele ya kijiji kizima.

Mpangilio huo unakubaliana na hadithi ya Mtume Muhammad inayojulikana na Waislamu wengi wa Uganda, kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni waliifafanua kwa kusema kwamba maji yaliyo mtoni au chini ya ardhi hayana mwenyewe, ilhali maji yaliyotekwa na kutiwa chomboni ni ya aliyeyateka, naye ana haki ya kuyauza. Mwanamke anayebeba jerikeni la lita 20 kutoka kisimani hadi kwenye hoteli ya chai Moroto mjini na kulipwa kwa kazi hiyo anafanya biashara iliyo halali kwa kanuni hiyo tangu zamani, na sioni sababu ya kamati yoyote kumsumbua.

Udhaifu wa falaj ulijitokeza pampu zilipofika. Kuanzia miaka ya 1970 wakulima waliochimba visima vyao na kufunga pampu za mota walianza kuteka kutoka maji yaleyale ya chini yanayoulisha mfereji, na baadhi ya aflaj ikapungua au kukauka kabisa. Mwaka 1988 amri ya Sultani ilitangaza maji kuwa rasilimali ya taifa, na uchimbaji wa visima ukawekewa masharti. Mfumo ulioishi kwa kuheshimiana zamu haukuwa na jibu kwa jirani ambaye hahitaji zamu, na jambo hilo linatuhusu moja kwa moja kila mara mtambo wenye nguvu unapochimbwa karibu na pampu ya mkono ya kijiji.

Chile: haki ya kuteka, bila mwisho wa muda

Kutoka Oman hadi Chile tunavuka kutoka kuuza zamu hadi kuuza haki yenyewe. Mwaka 1967, katika mageuzi ya ardhi, Chile iliyatangaza maji yote kuwa ya umma na kuipa serikali uwezo mkubwa wa kuyagawa. Sheria ya Maji ya 1981, iliyotungwa chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet, iligeuza mkondo huo. Maji yaliendelea kuitwa ya umma, lakini haki ya kuyateka ilitenganishwa na ardhi, ikatolewa bure kwa aliyeomba, ikaandikwa kwa lita kwa sekunde, haikuwekewa ukomo wa muda, na ikalindwa na katiba ya 1980 kama mali binafsi inayoweza kuuzwa, kuwekwa rehani na kurithiwa. Mwenye haki hakulazimika kuitumia, na hadi marekebisho ya mwaka 2005 hakutozwa chochote kwa kuikalia tu.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja zao, na si vyema kuzidharau. Haki iliyo thabiti iliwapa wakulima wa matunda na makampuni ya madini ujasiri wa kuwekeza, na maji yakahama kutoka matumizi yenye kipato kidogo kwenda yenye kipato kikubwa bila serikali kumnyang'anya mtu. Tatizo lilikuwa katika neno "kuhama". Katika bonde la Copiapó, kwenye ukingo wa jangwa la Atacama, haki zilizotolewa zilizidi sana maji yanayojirudisha ardhini kila mwaka, na mto uliokuwa ukipita mjini ukabaki mchanga kwa miaka mingi. Kila karatasi ilikuwa halali, ila ukizijumlisha zote zilikuwa zikiahidi maji ambayo hayapo.

Kijiji cha Quillagua, kando ya mto Loa katika jangwa hilohilo, ndicho mfano ninaowapa wanaosema kwamba muuzaji aliyeridhika hajadhurika. Hapo mvua karibu haipo kabisa, na wakazi walilima kwa maji ya mto. Mto ulichafuka mwaka 1997, na tena mwaka 2000. Katika kipindi hicho wengi waliuza haki zao kwa kampuni ya madini, na kijiji kikaanza kupungua watu. Mtu mwenye shamba lisilozaa na mkononi ana karatasi yenye thamani ya fedha atauza, na hakuna wa kumlaumu. Ila mfereji unaotunzwa na familia arobaini hautunziki kwa familia nane. Jirani ambaye hakuuza anakuta kwamba alichobaki nacho kimepoteza thamani kwa uamuzi ambao yeye hakuufanya.

Kurudi nyuma kulichukua muda mrefu sana. Sheria ya mwaka 1993 ilianza kutambua maji ya jamii za asili za kaskazini, Waaymara na Waatacameño. Ilikuwa mwaka 2022, miaka 41 baada ya Sheria ya Maji ya 1981, ndipo marekebisho yalipoyapa maji ya kunywa kipaumbele na kuzifanya haki mpya ziwe za miaka 30. Katiba mpya ambayo ingeyaondoa maji katika orodha ya vitu vinavyoweza kumilikiwa ilikataliwa na wapiga kura Septemba mwaka huohuo. Ndiyo maana ninaiweka njia hii mwisho kabisa kwa Karamoja: haitengenezeki ukishaikosea.

Msomaji atasema kwamba Uganda haina haki za namna hiyo, na ni kweli. Anayevuta maji kwa pampu ya mota anahitaji kibali, na vibali hivyo vina muda. Lakini Karamoja ina marumaru, chokaa na dhahabu, na wachimbaji wanahitaji maji. Kampuni ikichimba kisima kwa gharama zake, ikakiacha kijiji kichote kwenye bomba moja lililo nje ya uzio na yenyewe ikateka kilichosalia bila mita, kijiji kimeshaingia katika mkataba wa aina ya Chile bila karatasi hata moja kuandikwa.

California na Australia kwa kupita

Los Angeles haikununua maji. Ilinunua mashamba yenye maji. Kuanzia mwaka 1905 mawakala wa mji huo walinunua ardhi katika bonde la Owens huku wauzaji wengi wakidhani kwamba inatafutwa kwa mradi wa serikali kuu wa umwagiliaji, na mwaka 1913 mfereji wa karibu kilomita 375 ulifunguliwa chini ya mhandisi William Mulholland. Katika miaka ya 1920 ziwa la Owens lilikauka, wakazi wakaulipua mfereji kwa baruti mara kadhaa kati ya 1924 na 1927, na hadi leo mji unatumia fedha nyingi kutuliza vumbi linaloinuka kwenye kitanda cha ziwa hilo. Kwa kamati zetu nachukua jambo moja tu: ardhi iliyozunguka chanzo cha maji ikiuzwa, chanzo kimeuzwa, hata kama hati haisemi neno "maji".

Australia ndiyo soko lililoandaliwa kwa uangalifu zaidi. Katika bonde la Murray-Darling ukomo wa kuteka uliwekwa mwaka 1995 na biashara ikafanyika ndani ya ukomo huo, ikifuatwa na Sheria ya Maji ya 2007 na mpango wa bonde zima wa 2012. Wakati wa ukame mrefu wakulima wa mazao ya msimu waliwauzia wenye miti ya matunda, na pande zote mbili zikaokoka. Hata hivyo samaki walikufa kwa mamia ya maelfu huko Menindee katika kiangazi cha 2018 na 2019. Tena soko hilo linategemea mita kila mahali, rejista ya kompyuta na wakaguzi. Gombolola lenye fundi mmoja wa pampu anayetumia pikipiki ya kuazima halina haja ya kulifikiria.

Botswana na Namibia: majirani wa hali yetu

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu watu wa Kalahari na wa Kunene ni wafugaji kama Wakaramojong, mvua yao haitabiriki, na swali lao lilikuwa lilelile: kisima kimechimbwa, nani akitunze?

Botswana ilijibu kwa kukabidhi kisima kwa kikundi. Miongoni mwa Bakgatla, chini ya kaimu chifu Isang Pilane mwishoni mwa miaka ya 1920, visima vilichimbwa kwa ajili ya watu wote, lakini ukusanyaji wa ada ukawa mgumu, na umiliki ukaangukia vikundi vya wenye ng'ombe waliochanga gharama. Kwa hesabu ya mhasibu hilo lilikuwa suluhisho zuri: wachache wenye uwezo walilipa, pampu ikafanya kazi. Ila malisho ya nchi kavu hayana thamani bila maji. Kanuni ya kutenganisha visima kwa kilomita 8 iliwekwa ili kuzuia mifugo kurundikana, na matokeo yake ni kwamba anayedhibiti kisima anadhibiti malisho yote yanayokizunguka, ingawa kwa sheria malisho hayo ni ya kila mtu. Sera ya malisho ya mwaka 1975 ikaongezea kwa kuruhusu maranchi yaliyozungushiwa uzio, na baadhi ya wenye maranchi wakaendelea kuwapeleka ng'ombe wao malisho ya pamoja pindi nyasi zao zilipopungua.

Karamoja inaujua ukweli huo kwa upande mwingine. Visima na mabwawa yaliyochimbwa na serikali ya kikoloni yaliivuta mifugo ikae mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko zamani, na malisho ya karibu yakachakaa. Kwa hiyo kuwapa wafanyabiashara watano wa ng'ombe kisima cha sola, hata kwa mkataba wa miaka michache, ni kuwapa nyasi za kilomita kadhaa kila upande, na sijasikia kikao ambacho nyasi hizo zilihesabiwa katika bei.

Namibia ilichagua njia nyingine. Baada ya uhuru wa mwaka 1990 serikali ilianza kuvikabidhi visima vya vijijini kwa jumuiya za watumiaji, ambazo zilitakiwa kulipia dizeli na matengenezo na kujitungia kanuni zao. Hakuna aliyeuziwa kisima wala haki. Kilichotozwa ni gharama ya kuyainua maji. Huu ndio mfumo ulio karibu zaidi na kamati zetu, nao unaonyesha kwamba ugomvi mkubwa unafichwa na kipimo. Katika mkoa wa Kunene jumuiya nyingi ziliishia kwenye kanuni kwamba kila kaya ilipe sawa. Ni kanuni rahisi kueleza, rahisi kukusanya, na masikioni inasikika kuwa ya haki.

Tuiweke katika hesabu ya hapa. Familia ya watu sita inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku hutumia lita 120, sawa na majerikeni sita. Ng'ombe wa kienyeji mmoja wakati wa kiangazi hunywa takriban lita 30. Mwenye ng'ombe 100 anahitaji lita 3,000 za mifugo juu ya lita 120 za nyumbani, yaani majerikeni 156 kwa siku. Kanuni ya kaya kulipa sawa inamtoza aliyechukua majerikeni sita kiasi kilekile na aliyechukua 156. Pampu ikiharibika, imechakazwa kwa sehemu kubwa na mifugo, na mjane asiye na mbuzi analipa fungu kamili la ukarabati. Huko Kunene, kama ilivyo kwetu, mwenye mifugo mingi ndiye anayekopesha, ndiye mwenye gari la kuleta mafuta, na aghalabu ni ndugu. Kumwambia kikaoni alipe kwa kichwa cha ng'ombe si jambo jepesi.

Katika Karamoja uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Wizi wa mifugo uliozidi tena kuanzia mwaka 2019 uliziacha familia nyingi mikono mitupu, na ada ya kaya inamtoza aliyeibiwa ili kumnywesha ng'ombe wa mwenye bahati. Mpaka wa vizio 30 uliomo katika Sheria ya Maji unatupa pa kuanzia, kwa kuwa mbunge aliyeutunga alikwisha kukubali kwamba kundi kubwa si matumizi ya nyumbani.

Waborana: bila bei, lakini si bila gharama

Wanaosema maji yasiuzwe kabisa hukumbusha visima vya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na wana haki ya kuvikumbusha. Visima virefu vya tula, ambavyo makundi yake tisa yanatajwa kwa majina katika kumbukumbu zao, hutekwa kwa mnyororo wa watu waliosimama juu ya ngazi za miti ndani ya shimo, wakipokezana vyombo kwa wimbo hadi birika la juu lijae. Maji hayanunuliwi. Kila kisima kina ukoo unaokisimamia na abba herega, msimamizi wa zamu, ambaye huamua kundi lipi linywe siku ipi, na anayeharibu zamu huletwa mbele ya wazee.

Gharama ipo: ni nguvu za watu. Mwenye ng'ombe wengi lazima alete vijana wengi, kwa hiyo kipimo cha kichwa cha mnyama kimo ndani ya kazi yenyewe, na katika hilo Waborana wameishinda Kunene bila kuandika kanuni. Lakini mfumo huo unasimama juu ya mambo mawili ambayo Karamoja ya leo haiwezi kuyachukulia kuwa yapo, nayo ni vijana waliobaki kraalini na wazee ambao neno lao linafika mbali. Pia kazi ya mikono haiwezi kununua kibadilisha umeme cha pampu ya sola. Kwa mabwawa na visima vya mchangani kwenye mito mikavu, ambako jembe na mikono vinatosha, njia ya Waborana ndiyo bora na ningeipinga kamati yoyote inayotaka kuweka kioski hapo.

Wasomali wa upande wa Haud, nyanda kavu za mpakani na Ethiopia, walikwenda kinyume kabisa. Tangu miaka ya 1950 familia zenye fedha zilijenga matangi ya saruji ya ardhini, berked, zikakusanya maji ya mvua na kuyauza kiangazini kwa bei inayopanda kadiri ukame unavyozidi. Maji yalipatikana mahali ambapo hayakuwahi kupatikana, na hilo si dogo. Lakini anayeuza maji yaliyosalia kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake wanaanguka anaweza kutaja bei yoyote. Mkataba wowote na mtu binafsi usioweka ukomo wa bei ya kiangazi unaelekea huko.

Kuchagua

Kwa kisima cha pampu ya mkono kinachohudumia watu na mbuzi wachache, kamati iendeshe yenyewe na mchango uwe mdogo wa kila mwezi. Hakuna haja ya zaidi.

Kwa mtambo wa sola wenye vioski katika kituo cha biashara ningechagua Umbrella, ambayo tangu mwaka 2017 ina hadhi ya mamlaka ya maji na inaweza kugawana mafundi na vipuri kati ya miji mingi midogo. Malalamiko kwamba fedha huenda Moroto na fundi hachelewi kuchelewa nimeyasikia, na hayana budi kujibiwa kwa sharti la maandishi kuhusu siku za ukarabati. Hata hivyo pampu ya chini ya maji ikiungua, akiba ya kamati ya kijiji kimoja mara chache inatosha. Mtu binafsi anaweza kufaa kwa kuendesha kioski, akilipwa asilimia ya mauzo, mradi ardhi, kisima na mita vibaki nje ya mkataba wake.

Kwa mabirika ya mifugo jibu ni kipimo cha Waborana, kilipwe kwa fedha kama Namibia: malipo kwa kichwa cha mnyama, kaya zenye mifugo michache zikisamehewa, na bomba la watu litangulie birika kama mfereji wa Oman unavyotanguliza kunywa. Fundi anaweza kulitekeleza hilo kwa koki tu, akiweka toleo la vioski chini ya tangi na toleo la mifugo juu kidogo, ili maji yakipungua mifugo ikose kwanza na watu waendelee kuteka. Kampuni ya madini inayoomba maji ipewe kiasi kilichopimwa kwa mita, kwa mwaka mmoja mmoja, nayo iwe ya kwanza kufungiwa kiangazini.

Linabaki jambo la wageni. Bwawa la Kobebe na visima vya Rupa hupokea mifugo ya Waturkana kutoka Kenya karibu kila kiangazi, na makubaliano ya amani yaliyotiwa saini mbele ya marais wa nchi hizi mbili mjini Moroto mnamo Septemba 2019 yaliutambua ushirika huo wa maji na malisho. Kamati ikianza kutoza kwa kichwa, itawatoza wageni kiasi gani? Kuwatoza zaidi ni kuwaalika wateke usiku, na kuwaachia bure ni kuwaambia wenyeji wagharamie mifugo ya watu. Ningependekeza kiasi kilekile cha wenyeji, kilipwe kwa kundi zima kupitia kiongozi wa kraali, na wazee wa pande zote mbili wakikubali mnamo Oktoba, kabla mito ya upande wa Turkana haijakauka na kabla mchungaji yeyote hajafika bwawani na bunduki begani.